Mbuzi Arobaini kwa Kipakatalishi Kimoja

Siku hiyo masikio ya Ronny yalianza kazi kabla ya Ronny mwenyewe. Alikuwa ameketi kwenye kibanda cha mahamri upande wa Likoni, si mbali na kivuko, mdomo umejaa mbaazi, aliposikia mwanamke mmoja akimweleza muuzaji shida zake.

"Nataka kipakatalishi, basi. Kiwe chepesi, kiwe imara, kisinizimikie njiani. Mwanangu Safa amepata kazi ya kusomesha wazungu Kiswahili kwa mtandao, na Jumatatu asubuhi yaanza. Asipokuwa na chombo, wampa mwengine. Na mimi pesa sina, wallahi. Nilizo nazo ni mbuzi."

"Kwani bado hazijaisha?" aliuliza muuzaji.

"Ziishe wapi? Zimebaki arobaini. Marehemu aliniachia, zimejaa stoo, hata pa kuweka mguu hapana."

Ronny alimeza mbaazi bila kutafuna. Mwanamke ana mbuzi arobaini na anawalalamikia! Kule Nairobi alikozaliwa yeye, mwenye mbuzi arobaini huamkiwa hata na chifu. Alijifuta mdomo, akashusha mabega, akavaa ule uso wake wa unyenyekevu anaoutumia kwa watu wa Pwani na kwa polisi.

Hapa yafaa nimtambulishe mimi huyu bwana, maana akijitambulisha mwenyewe hamtapata ukweli. Ronny alikuwa hajamaliza mwaka tangu ashuke Mombasa, na kadi yake ilimwita "Mshauri wa Teknolojia". Yeye na mwenzake Munga, kijana wa Kisauni, walikuwa na laptop moja ya kweli, nzuri kabisa, waliyoinunua kwa kuchanga. Laptop hiyo iliuzwa kila wiki na haikuwahi kutoka mikononi mwao. Mteja alionyeshwa, akaibonyeza, akaipenda. Ronny akaitia kwenye mkoba mweusi isipate vumbi, akageuka kidogo kupiga chafya, na mkoba uliomfikia mteja ukawa mwingine, wenye kigae cha sakafuni ndani. Vigae hivyo walivitoa kwenye nyumba moja iliyokuwa ikijengwa Mkomani. Vilikuwa vyeupe, vyenye maua ya samawati, na uzito wake ulikuwa ule ule wa laptop. Ronny alijivunia sana uteuzi huo. Kuna matapeli, alikuwa akisema kwa uchungu, wanaotia mawe, watu wasio na heshima kwa mteja.

"Shikamoo, mama," alisema Ronny.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Samahani, sikuwa nasikiliza, lakini nimesikia."

Mwanamke alisema jina lake ni Mwanatumu, mjane, kwao Mtongwe. Ronny alivuta kiti.

"Mama, kununua laptop si kununua sukuma wiki. Dunia nzima kuna kampuni tatu tu za kutegemea. Kuna Bergstal ya Ujerumani. Hiyo ni imara mpaka inatisha. Lori likiikanyaga, lori ndilo linaenda gereji. Kuna Lungfung ya China. Hiyo betri yake haiishi. Wenye nayo hawajui hata chaja inafananaje. Halafu kuna Hamamoto ya Japani." Alipunguza sauti, kana kwamba Wajapani wameketi meza ya pili. "Nyepesi. Inabebeka. Na haipati moto hata uitumie kutwa. Si jina lenyewe unalisikia? Hama-moto. Moto umehama."

"Alaa! Kwani Wajapani nao wasema Kiswahili?"

"Hilo jina walituomba."

Kampuni zote tatu, kwa taarifa yenu, zilizaliwa siku moja kwenye duka la kuchapisha stika kule Kisauni. Mwanatumu alitikisa kichwa kwa mshangao, na Ronny akaona wakati umewadia. Aliuliza kwa sauti ya mtu asiyejali, huku akichezea kijiko:

"Na hizo mbuzi zako, mama, ziko poa? Hazina ugonjwa?"

Mwanatumu alimtazama. Alianzia kwenye viatu vyake vyenye ncha, akapanda taratibu mpaka kwenye miwani ya jua iliyokaa juu ya paji la uso.

"Mwanangu, wewe watoka wapi?"

"Nairobi, mama."

"Aaa," alisema Mwanatumu, na hiyo "aaa" ilikuwa ndefu. "Mbuzi zangu hazina ila. Kila moja ina miguu yake na meno yake."

"Zinakula nini?"

"Nazi. Kitu chengine hazikijui."

Muuzaji wa mahamri alipaliwa na chai, akainama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimeanguka.

"Na kelele? Zinasumbua majirani?"

"Kelele za nini? Mimi nazipaka mafuta. Ukiipaka mafuta haitoi hata mlio."

Ronny alistaajabu. Watu wa Pwani wana raha zao, lakini hakuwahi kujua kwamba wanapaka mbuzi mafuta. Alimshika Mwanatumu mkono kwa mikono miwili, akaahidi kufika Mtongwe kesho yake, Jumamosi, na laptop zote tatu, mama achague mwenyewe.

*

Jioni, katika chumba chao cha kupanga Kisauni, Munga alikuwa akibandika stika. Munga alikuwa mtu mpole, mnene, anayefanya utapeli kama mtu aliyeajiriwa serikalini, bila haraka na bila chuki. Ronny alijilaza kitandani.

"Munga, mbuzi inaendaje huku kwenu?"

"Mbuzi? Mia nne. Ikiwa nzuri sana, mia tano."

Ronny aliketi. "Mbuzi nzima?"

"Nzima, na miguu yake."

"Na meno?"

"Sasa Ronny, mbuzi isiyo na meno utaifanyia nini? Kwani wataka kumpelekea mamako?"

"Eeh. Zawadi."

"Utakuwa umefanya jambo. Kina mama wa bara wanateseka bure, hawazijui."

Ronny alicheka akidhani ni utani, lakini moyo ulikuwa ukimpiga. Mia nne! Na Kimani, mwenye hoteli ya nyama choma kule Chaani, alikuwa akilipa maelfu kwa mbuzi mmoja mwenye afya mbaya. Watu hawa wamekaa na utajiri uani na hawajui. Na kama hawajui, kwa nini Munga ajue? Munga angetaka nusu. Ronny alimpenda Munga, lakini alipomfikiria Munga akiwa na mbuzi ishirini alihisi maumivu fulani upande wa moyo.

Kwa hiyo kulipokucha alimwambia, "Leo wewe nenda Shanzu. Kuna wafanyakazi wa hoteli wamepata mshahara. Chukua mkoba wa maonyesho, mimi nina homa." Mkoba aliompa ulikuwa na kigae. Laptop ya kweli ilikuwa chini ya mto, na homa ya Ronny ilipona Munga alipofika kona.

Akampigia Kimani simu.

"Arobaini, Kimani. Arobaini! Na hazijawahi kuonja majani. Ni nazi tu tangu zizaliwe."

"Nazi?" alisema Kimani kwa heshima. "Si basi nyama inajikaanga yenyewe?"

"Ndiyo nakwambia. Ni mbuzi wa nazi."

Kimani alikuwa mfanyabiashara asiyelaza damu. Kabla hajawasha lori, alichukua ubao na rangi nyekundu, akaandika kwa herufi za kusomeka kutoka barabara kuu: LEO! MBUZI WA NAZI! FIKA MAPEMA! Akautundika mlangoni, akapakia majani ya napier, kamba, na wachinjaji wawili, akashika njia ya Likoni.

*

Ronny alimkuta Mwanatumu uani anasukuma chapati. Alikuwa akizisukumia juu ya kigae cheupe chenye maua ya samawati. Ronny alikitazama, kikampendeza.

"Mama, kibao kizuri hicho."

"Kizuri, lakini ghali. Safa alikinunua Kisauni, kwa akiba yake yote."

"Watu wa Kisauni wanajua vitu," alisema Ronny, akijisikia fahari asiyojua inatoka wapi. Kisha akakunjua kitambaa na kupanga laptop zake tatu mkekani. Bergstal na Lungfung zilikuwa maganda ya laptop zilizokufa zamani, yamejazwa saruji. Hamamoto ndiyo ile ya kweli.

"Safa!" aliita Mwanatumu.

"Abee, mama," ilijibu sauti ya kike nyuma ya pazia la mlango. Mkono ukatoka, ukachukua ya kwanza. Mwenye mkono hakutoka.

"Ana haya," alieleza Mwanatumu.

"Mama, hii haiwaki," ilisema sauti.

"Hiyo ni ya Ujerumani," alisema Ronny. "Hazifanyi kazi kabla hazijalipiwa. Zina nidhamu."

"Na hii pia haiwaki."

"Ndiyo sababu betri yake haiishi."

Mkono ukachukua Hamamoto. Ikasikika ile sauti tamu ya kompyuta inayoamka, na nyuma ya pazia Safa akapiga kelele ndogo ya furaha, akaikatiza katikati. Msichana huyu alikuwa na barua ya kazi mkononi na hana pa kuifanyia. Alikuwa amelia mwezi mzima. Aliichapa ile laptop, akafungua hiki na kile, akajisemesha kwenye kamera, na hakuirudisha mpaka chapati zote zikaiva.

"Inafaa, mama. Betri nzuri, na kamera yaonekana vyema."

Mwanatumu alijipangusa unga mikononi. "Bado mimi," alisema. "Chombo hiki chaitwa kipakatalishi. Sikinunui kabla sijakipakata. Umeme ukikatika hapa, Safa atakwenda kusomesha kwa shangaziye. Nataka nijue chabebeka vipi."

Akaketi, akaiweka Bergstal mapajani, akaitikisa miguu kama anayembembeleza mtoto. Kisha akachukua leso, akaibeleka mgongoni, akafunga fundo kifuani, akashika ufagio na kuanza kufagia ua kutoka mlangoni mpaka kwenye tangi la maji. Ronny alikuwa ameuza laptop kwa wahasibu, kwa mapasta, kwa mwalimu mkuu wa shule fulani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuibeleka.

"Hiki kizito," alisema Mwanatumu. "Na kimenilalia upande mmoja. Leta chengine."

Lungfung ilizunguka ua mara moja tu. "Chanichoma mbavu. Halafu hebu tazama, chamwaga mchanga."

"Huo ni... unga wa kupoza mashine," alisema Ronny.

Hamamoto ilifungwa mgongoni, na uso wa Mwanatumu ukabadilika. Alisimama katikati ya ua, akafumba macho.

"Hiki kina joto."

"Hapana, mama! Hamamoto haipati moto kabisa, jina lenyewe..."

"Chapata. Nakihisi hapa mgongoni, kama mtoto aliyeshiba. Vile viwili vyako ni baridi kama maiti. Mimi nimelea watoto, naijua hali ya kitu kizima. Nachukua hiki."

"Chaguo safi sana!" Ronny alifungua mkoba mweusi, na mkoba wa pili, wenye kigae, ulikuwa tayari nyuma ya kiti. Pua yake ilianza kujiandaa kwa chafya. "Hebu nipe niitie ndani, isipate vumbi."

"Imo ndani ya leso. Vumbi litapitia wapi?"

"Lakini mkoba ni wake, mama. Ni haki yake."

"Shhh," alisema Mwanatumu, akijitikisa polepole. "Usimwamshe."

Ronny alipiga chafya mara tatu, bila faida yoyote. Alijaribu kuleta habari ya waranti, ambayo lazima ibandikwe chini ya mashine. Mwanatumu alisema ibandikwe juu ya leso. Alijaribu kusema betri inataka kupumzika. Mwanatumu alisema imepumzika, ndiyo maana imelala. Na hapo nje honi ya lori ikalia, na Kimani akaingia uani na kamba begani, wachinjaji wake nyuma wamebeba majani.

Ronny akafanya hesabu haraka. Upande mmoja, laptop moja, tena nusu yake ni ya Munga. Upande wa pili, mbuzi arobaini waliolelewa kwa nazi. Basi, kwa mara ya kwanza tangu aingie katika ushauri wa teknolojia, aliamua kumwachia mteja kitu alichokichagua. Alijiona mtu mwema ghafla. Machozi yalimlenga, wallahi, akaona hata marehemu babake angemsifu.

"Basi kaa nayo, mama," alisema. "Mimi si mtu wa kuamsha watoto."

"Ahsante, mwanangu. Lakini kwetu watu huridhiana kwa mdomo, tena mbele ya shahidi. Huyu bwana atatushuhudia." Mwanatumu alimgeukia Kimani, kisha Ronny. "Mbuzi arobaini kama zilivyo, kwa kipakatalishi hiki kama kilivyo. Umeridhia?"

"Nimeridhia!"

"Hakuna kurudishiana?"

"Mama, hiyo ndiyo kauli yangu mimi!"

"Na mimi nimeridhia. Safa, lete ufunguo wa stoo."

*

Mlango wa stoo ulifunguka. Ndani kulikuwa na mbao. Mbao zilizokunjwa mbili mbili, zimepangwa vizuri kutoka sakafuni mpaka darini, zinang'aa kwa mafuta, na kwenye ncha ya kila moja kulikuwa na ulimi wa chuma wenye meno.

"Zimekufa?" aliuliza mchinjaji mmoja kwa sauti ya chini.

Kimani alichukua moja, akaigeuza, akaikunjua miguu, akaiweka chini, akaikalia. Ilimchukua vizuri.

"Ronny," alisema taratibu. "Hiki ni kiti. Mbuzi ziko wapi?"

"Umeikalia," alisema Mwanatumu. "Na uangalie meno."

Marehemu mume wa Mwanatumu alikuwa seremala, na kazi yake ilikuwa kutengeneza mbuzi za kukunia nazi. Hakuna jiko la Pwani lisilokuwa nayo. Mtu huikalia, akashika kizio cha nazi, akakikuna kwenye yale meno, tui likapatikana. Ronny alikuwa amekula wali wa nazi, maharagwe ya nazi, samaki wa kupaka na mbaazi za nazi tangu ashuke Mombasa, na siku zote alidhani tui hutoka kwenye pakiti.

"Huu ni wizi!" alipiga kelele. Neno lenyewe lilimtoka kombo, maana hakuwa amezoea kulitamka kutoka upande ule. "Wewe ulisema mbuzi!"

"Na hizi je, kuku?"

"Ulisema zina miguu!"

"Huioni?"

"Ulisema zinakula nazi!"

"Zala nini chengine? Sikiza, mwanangu, nikuulize wewe. Pale kibandani nilisema mbuzi wamebaki, ama nilisema mbuzi zimebaki?"

Ronny alifikiri. "Ulisema zimebaki."

"Nilisema kitu chengine hawakijui, ama nilisema hazikijui?"

"Hazikijui."

"Sasa mbuzi wa nyama, mwenye roho, huyo huwa zimebaki?"

"Nairobi huwa zimebaki!" alilia Ronny.

"Basi nenda ukaishitaki Nairobi."

Ronny alimgeukia Kimani amsaidie kama shahidi. Kimani, mtu wa haki, alikuna kichwa. "Mimi nimesikia kama zilivyo. Na nimekusikia ukiridhia. Uliridhia kwa nguvu."

Ndipo Mwanatumu akainama, akaokota kile kigae cha chapati, akakipangusa unga kwa ncha ya buibui, akamkabidhi Ronny kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu zawadi.

"Na hii laptop yako nyengine nakurudishia. Mwanangu aliifungua nyumbani akazimia. Haikuwaka, lakini kwa chapati haina mfano."

Pazia likafunguka, Safa akatoka. Alikuwa msichana mwembamba mwenye miwani, na Ronny akamkumbuka sasa, mteja wa Kisauni aliyemwambia ahsante mara mbili na kumwombea dua. Mwezi mzima mama na mwana walikuwa wakimtafuta, kibanda kwa kibanda, kutoka Kisauni mpaka Likoni. Walikuwa wamefikiria polisi, wakafikiria vijana wa mtaa wenye mikono mizito, lakini yote hayo yangempa Ronny adabu tu, na Safa alichohitaji kilikuwa kompyuta. Mwanatumu alikwenda pale kibandani kulalamika kwa sauti akijua ni nani ameketi nyuma yake. Alikusudia kumpa mbuzi zake kwa bei yake, laptop iliyotumika kwa mbuzi arobaini, mtu na haki yake. Ya kwamba huyu bwana angesikia wanyama, hilo Mwanatumu hakulipanga. Hilo alipewa tu.

"Sikukudhulumu," alisema sasa, kwa upole. "Uliza bei ya mbuzi mahali popote Mombasa, kisha upige hesabu."

Ronny alikuwa ameshauliza. Mia nne, nzima na miguu yake. Alipiga hesabu na akakuta amelipwa haki yake kamili, jambo lililokuwa halijawahi kumpata, na likamuuma kuliko kipigo.

Simu ya Kimani ikalia, kutoka hotelini kwake. Alisikiliza, akakunja uso. "Wanawake?" alisema. "Wangapi?... Wanataka nini?... Waambie mbuzi wa nazi ni wa kuchoma... Wanacheka nini?" Alikata simu, akakaa juu ya ile mbuzi, akiwaza. Kisha akasimama.

"Ubao wangu umeleta kina mama wote wa Chaani, na pesa mkononi," alimwambia Ronny. "Wanasema mwandishi hajui Kiswahili lakini kwa bei tutapatana. Hizi nazichukua zote."

"Na bei yangu?"

"Yako ni ya mafuta ya lori, ya majani, ya siku nzima ya wachinjaji, na ya hii aibu. Ukiona kuna kilichobaki, kuja Chaani tuhesabu, hawa wawili watakusaidia." Wachinjaji, ambao hawakuwa wamechinja kitu tangu asubuhi, walimtazama Ronny kwa hamu. Ronny akasema hakuna haja.

Lori liliondoka na mbuzi zake. Ronny alishuka barabarani kwa miguu, amebeba Bergstal, Lungfung, na vigae viwili.

*

Munga alirudi usiku na kiatu kimoja. Alikuwa amefungua mkoba wa maonyesho mbele ya mpishi wa hoteli, akasema, "Tazama kioo kilivyo safi," na mpishi akatazama. Kiatu cha pili kilibaki Shanzu. Aliposikiliza habari ya Ronny mpaka mwisho, hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu.

"Uliniuliza bei ya mbuzi?"

"Nilikuuliza."

"Nikakwambia?"

"Ukaniambia."

"Ungesema tu unazitoa wapi, Ronny. Neno moja. Ningekwambia kwa neno moja." Kisha akasema anataka nusu yake ya laptop, na kama haipati, arudi Ronny alikotoka, na vigae vyote amwachie yeye, ana mpango wa kutengeneza choo.

Ndivyo Jumatatu asubuhi Ronny alivyojikuta nyuma ya nyumba ya Mwanatumu, ananyata kuelekea dirishani. Alikuja kuomba arudishiwe laptop. Kama kuomba kungeshindikana alikuja kulia, kazi ambayo angalau hiyo alikuwa ameifanyia mazoezi. Alifika chini ya dirisha, akasikia sauti ya Safa, safi na taratibu.

"Leo tunaanza na neno moja tu. Mbuzi. Huyu wa kwanza ana roho. Mbuzi hawa wanakula majani. Semeni."

"Mbuzi hawa wanakula majani," zilisema sauti nyingi za kigeni kutoka kwenye mashine.

"Hii ya pili haina roho, iko jikoni. Mbuzi hizi zinakuna nazi."

"Mbuzi hizi zinakuna nazi."

Ronny alichungulia. Safa aliketi mkekani, mashine mapajani, stika ya Hamamoto ingali juu yake. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyekuwa akizama na sasa kakanyaga mchanga. Ronny alihisi kitu, akadhani ni njaa. Alijikuta midomo yake inacheza: hawa wanakula, hizi zinakuna.

"Vizuri. Sasa Bwana Otto, peke yako. Za jikoni."

"Mbuzi hawa," alianza Bwana Otto kwa kujiamini, "wanakuna..."

"HIZI!" ilipasuka sauti dirishani. "Hizi zinakuna! Za jikoni ni hizi, wewe mzee! Utapoteza kila kitu!"

Kwenye kioo, nyuso kumi na kitu za kizungu zilijaribu kuona kilichokuwa nyuma ya mwalimu wao. Bwana Otto aliuliza kwa wasiwasi yule ni nani.

Safa alijifunika mdomo kwa mtandio, mabega yanamtikisika, hawezi kujibu. Akajibu Mwanatumu, kutoka jikoni, bila kuacha kukuna nazi yake.

"Waambie ni mwanafunzi, Safa. Mfungulie mlango aingie akae. Yeye karo yake ameshalipa yote."